Mimi ndiye msimamizi wa mirathi ya baba, lakini kaka ndiye anayekusanya kodi na sasa anataka kuuza nyumba

Shikamoo Mama,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala, maana mchana simu za ndugu hazinipi nafasi ya kufikiri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 51.

Baba yetu alifariki Machi 2009 bila kuacha wosia. Tulikuwa Waislamu na tulimzika Kiislamu. Baada ya arobaini ukoo ulikaa, wakanichagua mimi, mtoto wa pili, kwa sababu kaka yangu mkubwa alikuwa kazini Mwanza na wazee walisema mwalimu anajua kuandika. Mwaka 2010 Mahakama ya Mwanzo iliniteua kuwa msimamizi wa mirathi, nikapewa barua yenye mhuri. Niliiweka kwenye begi la vyeti vyangu na nikadhani kazi imekwisha. Huu ni mwaka wa kumi na sita.

Mali alizoacha baba ni nyumba ya vyumba saba Kihonda, yenye hati kwa jina lake, na shamba la ekari tisa huko Mvomero. Mama yangu mzazi alifariki 1998. Baba alimwoa mama mdogo mwaka 2000, na nyumba hiyo ilijengwa akiwa naye. Mama mdogo ana mabinti wawili. Upande wa mama yangu tulikuwa watatu: kaka mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume, ambaye alifariki 2018 akaacha mke na watoto watatu, wavulana wawili na msichana. Babu na bibi walitangulia kabla ya baba.

Mama mdogo anaishi kwenye vyumba vitatu. Vinne vimepangishwa. Kaka alirudi Morogoro 2011, na tangu hapo kila tarehe tano anapita na pikipiki kuchukua kodi. Zamani chumba kilikuwa shilingi 20,000, sasa ni 40,000. Mwanzo alisema anakusanya kwa ajili ya ukarabati. Alibadilisha mabati ya upande mmoja na kujenga choo, basi. Nikimuuliza hesabu ananiambia, "Wewe umeolewa, una kwako."

Mwaka 2019 kaka aliitisha kikao. Mimi nilikuwa nasimamia mitihani, sikwenda. Wakaandika muhtasari kwamba usimamizi umehamia kwake. Hakuna aliyekwenda mahakamani. Katika kikao hicho baba mdogo alisema watoto wa marehemu mdogo wangu wamezuiwa, kwamba mjukuu harithi palipo na ami yake, kwa hiyo tusiwahesabu. Shemeji alilia, akaondoka.

Sasa kaka amepata mnunuzi wa nyumba kwa milioni 80 na amekwishapokea milioni tano za mwanzo. Mnunuzi alipokwenda kuulizia hati akaambiwa amtafute msimamizi. Ndipo kaka amenikumbuka. Ameniletea karatasi nisaini. Mama mdogo ameambiwa ahame kabla ya mwezi kwisha, eti hakumzalia baba mtoto wa kiume. Na kule Mvomero, tangu 2017 jirani amekata minyaa aliyopanda baba mpakani na kuingia karibu ekari mbili. Kaka anasema hilo ni jukumu langu kwa sababu "wewe ndiye msimamizi".

Nisaini? Naweza kufungwa kwa kukaa miaka yote hii bila kufanya kitu? Nimetoa nauli, ada na pesa za wakili mmoja kutoka kwenye mshahara wangu, nitarudishiwa? Na je, naweza kujitoa? Kwa kweli nimechoka, Mama. Sikukuu tunazipitisha kila mtu kwake.

Msimamizi, Morogoro

---

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Usisaini. Hilo nalitanguliza ili leo ulale. Ukishasaini, kuirudisha nyumba ile ni kesi ya miaka. Usiposaini, hakuna kilichoharibika isipokuwa hasira ya kaka yako, na hiyo umekwishaizoea.

Nilikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nilichokiona kwenye majalada ndicho kinachonifanya nikujibu kwa urefu. Siku moja alikuja kijana na barua ya usimamizi aliyoteuliwa bibi yake. Tulilitafuta jalada nusu siku nzima. Lilikuwa limefungwa kwa uzi wa katani, kingo zimeliwa na mchwa. Ndani kulikuwa na fomu ya orodha ya mali: jina la marehemu limejazwa kwa mwandiko mzuri, na chini yake mistari mitupu hadi mwisho wa ukurasa. Bibi alikuwa amekwishafariki. Kati ya warithi saba, watano walikuwa wamekufa, na kila mmoja wao alihitaji mirathi yake mwenyewe ifunguliwe kabla wajukuu hawajaweza kugusa kiwanja kile. Yule kijana alikaa kwenye benchi la nje akaniuliza, "Sasa mama, nianzie kwa nani?" Sikuwa na jibu jepesi la kumpa. Wewe bado uko hai, na kati ya warithi sita wa baba yako watano wako hai. Jibu lako ni jepesi kuliko unavyodhani.

Fomu ile tupu ndiyo unayodaiwa na wewe. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake za usimamizi wa mirathi, Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971. Zinasema msimamizi, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, au muda zaidi ambao mahakama itaruhusu, apeleke orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni ya marehemu. Hiyo ni Fomu Na. 5. Baada ya hapo apeleke hesabu kwenye Fomu Na. 6: fedha zilizoingia, zilizotoka, kilichouzwa, nani kapewa nini. Mahakama ikiridhika, shauri linafungwa na wewe unakuwa huru. (Walioteuliwa na Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu wanafuata Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, ambako orodha hupelekwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Nalitaja kwa wasomaji wengine, wewe halikuhusu.) Siku ile ya 2010 ulipokea kazi, ukadhani umepokea cheti. Karibu kila msimamizi niliyemhudumia dirishani alidhani hivyo, kwa sababu anayepewa barua hupongezwa, akaondoka, na hakuna anayemkalisha chini kumweleza.

Umeuliza kama utafungwa. Kuchelewa peke yake hakukupeleki jela. Kinachoweza kukupata ni hiki: mrithi yeyote, au mdai wa marehemu, anaweza kuiomba mahakama itengue uteuzi wako kwa sababu umeshindwa kazi au umezembea kwa hasara ya warithi. Na kama mali imepotea kwa uzembe wako, unaweza kutakiwa kuifidia kwa mfuko wako. Jela inakuja pale msimamizi anapokula mali ya warithi, anapoidanganya mahakama au anapokaidi amri yake. Hukula kitu. Ila umelala, na lazima uamke wewe kabla hujaamshwa na wito wa mahakama. Mtu anayekwenda mwenyewe kwa hakimu na kusema "nimechelewa, naomba muda, hii hapa orodha" hupokelewa tofauti kabisa na anayeletwa.

Kuhusu muhtasari wa 2019, kikao cha ukoo kinaweza kupendekeza jina. Kuteua na kuondoa ni kazi ya mahakama. Barua yako haikufa kwa sababu watu walikaa chini ya mwembe wakaandika karatasi nyingine, wala haikuchacha kwa kukaa kwenye begi. Mpaka hakimu aitengue au afunge shauri, mwenye mamlaka juu ya mali ya baba yako ni wewe, na kaka yako mbele ya sheria hana uwezo wa kuuza hata tofali moja. Zile milioni tano alizopokea ni deni lake yeye na mnunuzi. Mirathi haikuzipokea, na haidaiwi.

Mwandikie huyo mnunuzi barua fupi, mpelekee mbele ya mwenyekiti wa mtaa, asaini nakala: kwamba wewe ndiye msimamizi, kwamba hujamuuzia, na kwamba fedha aliyotoa aidai kwa aliyempa. Unamtendea wema. Wanunuzi wengi wanaolia mahakamani kwetu walinunua kwa mtoto mkubwa wa marehemu wakidhani ukubwa ni hati.

Sasa nikueleze upande wa pili wa mamlaka hayo, kwa sababu ndugu zako wengine watakwambia huwezi kufanya lolote bila saini za wote. Si kweli. Mahakama ya Rufani ilikwishaamua katika shauri lililochapishwa kwenye ripoti za kesi za 1994 kwamba msimamizi halazimiki kisheria kupata ridhaa ya kila mrithi ndipo auze mali ya marehemu. Sheria iliona mbele: mrithi mmoja mkaidi angeweza kuwafunga wengine kamba maisha yao yote. Lakini uwezo huo umepewa kwa faida ya warithi. Ukiuza kwa bei ya kutupa, ukamuuzia mumeo, au ukajiuzia mwenyewe kwa mlango wa nyuma, mauzo hayo yanaweza kubatilishwa. Kwa hiyo hata siku mtakapoamua kuuza, mwite mthamini aliyesajiliwa aseme nyumba ina thamani gani, waarifu warithi wote kwa maandishi, na upate maelekezo ya mahakama. Kihonda ya leo si Kihonda ya 2009, na milioni 80 ni bei ya mtu aliyekuwa na haraka ya kupokea milioni tano.

Tena kuuza si lazima. Mrithi mwenye uwezo anaweza kuwalipa wenzake mafungu yao akabaki na nyumba, au mnaweza kuipangisha yote na kugawana kodi. Hayo myazungumze hesabu zikiwa mezani.

Na hesabu zenyewe kwenu zimekaa vizuri ajabu. Kwa mirathi ya Kiislamu, mke aliyeachwa na mume mwenye watoto anapata thumni, moja ya nane. Kinachobaki kinakwenda kwa watoto, mwanamume sehemu mbili, mwanamke moja. Ninyi mlikuwa wavulana wawili na wasichana watatu siku baba alipokufa, yaani sehemu saba. Saba ya nane ikigawanywa kwa saba inarudi kuwa thumni moja moja. Basi mama mdogo thumni moja, wewe moja, kila binti wa mama mdogo moja, kaka thumni mbili, na marehemu mdogo wako thumni mbili. Nane zimetimia.

Ndiyo, marehemu mdogo wako. Hapa naomba baba yenu mdogo asomewe kwa sauti. Alichokisema ni kanuni ya kweli aliyoiweka mahali pasipo pake. Mjukuu huzuiwa na ami yake pale ambapo baba wa mjukuu alikufa kabla ya babu. Mdogo wako alikufa 2018, miaka tisa baada ya baba yenu. Siku baba alipokata roho, 2009, mdogo wako alikuwa hai na fungu lake lilikuwa lake palepale, hata kama hakuna aliyemkabidhi. Uzembe wenu wa kutogawa hauwezi kuwa sababu ya kuwanyang'anya yatima. Zile thumni mbili zinaingia kwenye mirathi yake yeye: mkewe atapata thumni ya fungu hilo, na watoto watatu wagawane kilichobaki. Kwa kuwa ameacha watoto wa kiume, kaka yako na wewe hamna chochote humo. Kinachotakiwa ni shemeji yako aende mahakamani na cheti cha kifo cha mumewe na muhtasari wa kikao, afungue mirathi ya mumewe, ili awepo mtu wa kumkabidhi. Kama cheti hakipo, RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, au ofisi ya mkuu wa wilaya wanashughulikia. Msindikize wewe mwenyewe, mwanangu. Yule mwanamke aliondoka kikaoni akilia na hakuna aliyemfuata.

Mama mdogo naye hatoki. Hoja ya kutozaa mtoto wa kiume haimo popote, wala katika fikihi wala katika sheria za nchi. Thumni yake ni yake kwa kuwa alikuwa mke. Na kabla hata hamjafika kwenye thumni kuna jambo hamjalisema: umeandika nyumba ilijengwa akiwa ndani ya ndoa. Kama alichangia ujenzi, iwe kwa fedha ya biashara yake au kwa jasho lake, anaweza kudai sehemu hiyo kuwa ni mali yake mwenyewe, itolewe kwanza, ndipo kilicho cha marehemu kigawanywe. Tangu kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ya 1983, mahakama zetu zinakubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Ile ilikuwa kesi ya talaka na hapa ni kifo, hivyo simwahidi matokeo. Lakini mwulize kwa heshima alitoa nini, na mwandike anachosema. Mwulize pia nani ananunua umeme. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo kama ni yeye anayenunua, ndiye amekuwa akililipia jengo lenu lote kodi ya serikali, na hilo linaingia kwenye hesabu upande wake.

Tuje kwenye pikipiki ya tarehe tano.

Kodi ya nyumba ya marehemu ni mali ya mirathi sawasawa na nyumba yenyewe. Chukua wastani wa 30,000 kwa chumba, vyumba vinne, ni 1,440,000 kwa mwaka. Kwa miaka kumi na mitano ni 21,600,000. Mpe kaka haki yake: mabati na choo vina gharama, alete risiti au fundi aje aseme. Tuseme matengenezo ya kweli yalikula 5,600,000, zimebaki milioni 16. Sasa tazama. Nyumba ikiwa milioni 80, jumlisha 16 zilizokwishaliwa, mirathi ni milioni 96, na thumni moja ni milioni 12. Mama mdogo 12, ninyi mabinti watatu 12 kila mmoja, warithi wa marehemu mdogo wako 24. Kaka naye 24, lakini 16 amekwishazipokea kidogo kidogo kila tarehe tano, kwa hiyo fedha taslimu anayodai ni milioni 8. Karatasi yenye hesabu kama hii ina nguvu kuliko ugomvi wowote wa kwenye simu. Kaka akikubali, mnaandika na kusaini mbele ya hakimu. Akikataa, unaiomba mahakama imtake alete hesabu, na makato yafanyike kwa amri.

Kuanzia mwezi huu fungua akaunti ya benki kwa ajili ya mirathi, tenga kabisa na ya mshahara wako. Waandikie wapangaji wanne barua, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa na nakala kwenye jalada la mahakama, kwamba kodi ilipwe humo. Usiende kugombana na kaka kibarazani. Ukifika pale kwa kelele, wapangaji watalipa aliye na sauti kubwa.

Shamba la Mvomero ndilo linalonipa wasiwasi kuliko vyote, na wewe umeliandika mstari mmoja na nusu. Dai la ardhi lina ukomo wa miaka 12. Jirani aliingia 2017, kwa hiyo juujuu unaona una nafasi hadi 2029. Usiitegemee nafasi hiyo. Kuna mazingira ambayo sheria huanza kuhesabu tangu siku mwenye ardhi alipofariki, na wakili wa jirani hatakosa kulisema. Na mashahidi wa mpaka ni wazee. Nenda Jumamosi hii. Piga picha visiki vya minyaa kabla havijang'olewa, andika majina ya majirani wanaopakana nanyi pande zote, onana na uongozi wa kijiji. Kisha peleka lalamiko Baraza la Kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu. Wakishindwa ndani ya siku 30 unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Unafungua wewe, kwa jina lako kama msimamizi wa mirathi ya marehemu. Kaka akifungua kwa jina lake kesi itatupwa, na mtakuwa mmempa jirani mwaka mwingine wa kulima.

Umeuliza pesa zako. Usimamizi hauna mshahara, na msimamizi haruhusiwi kutafuta faida kwenye mali anayosimamia. Lakini gharama za kweli na za kiasi zinarudishwa na mirathi kabla ya mgawo: ada za mahakama, nauli za Mvomero, mthamini, nakala. Gharama za mazishi, gharama za usimamizi na madeni ya marehemu hutangulia, warithi hufuata. Zile usizokuwa na risiti zake, andika tarehe na safari uliyokwenda, uwe mkweli. Ile ya wakili itategemea ulimwendea kwa jambo la mirathi au kwa ugomvi wako na kaka.

Kujitoa inawezekana. Unaiomba mahakama ikuondoe na imteue mwingine. Lakini hata siku ya kuondoka hakimu atakuuliza orodha iko wapi, na utaijaza Fomu Na. 5 ileile unayoikimbia. Tena anayesubiri nafasi hiyo ni kaka yako. Mimi nakuomba ubaki miezi sita au minane uimalize. Ukiona kweli huwezi, pendekeza mmoja wa mabinti wa mama mdogo, au omba mahakama iteue mtu nje ya familia. Msimamizi si lazima awe mrithi.

Jumatatu omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nenda pale mahakamani asubuhi kabla hakimu hajaanza kusikiliza kesi. Chukua barua yako ya uteuzi, cheti cha kifo cha baba, nakala ya hati ya Kihonda, na daftari. Mwambie karani namba ya shauri na mwaka, mwombe akutafutie jalada. Linaweza kuwa limehamishiwa masjala ya zamani, usikate tamaa akikuambia urudi kesho, rudi kesho. Andika barua ya kuomba kuongezewa muda, eleza sababu bila kumtukana mtu. Mahakamani wanaandika na kusikiliza kwa Kiswahili, huhitaji wakili kwa hatua hiyo. Ukikwama kwenye maneno, wasaidizi wa kisheria wapo hapo Morogoro na hawatozi. Orodha ikishapokelewa, peleka barua ya mahakama na cheti cha kifo kwa Msajili wa Hati, hati ya nyumba iandikwe jina lako kama msimamizi. Usiogope kuonekana umejimilikisha. Ni daraja tu la kupita kwenda kwa warithi, na likikwishawekwa hakuna wa kuuza nyumba hiyo nyuma yako.

Kabla ya Jumatatu, nenda Kihonda ukakae na mama mdogo jikoni, peke yenu. Mwambie hahami. Muombe akuonyeshe mafungu ya risiti za LUKU kama anayo, na akutajie mwaka vyumba vile vya nyuma vilipoezekwa. Uwe na kalamu.

Niandikie ukipata namba ya jalada.